Komite Isiyo na Memba

Sisi watu wa Goma, ukitukuta watatu tumesimama kando ya gari lililozimika, usidhani tunalisukuma. Kwanza tunachagua prezidanti. Kisha sekretere. Wa tatu anapewa kuwa kesiye, mtunza pesa, hata kama pesa hakuna. Gari litasukumwa baadaye, tena na mpita njia ambaye hakualikwa kwenye mkutano. Nasema hivi bila aibu, maana mimi mwenyewe nimekuwa konseyeri miaka nenda rudi, na konseyeri ni mtu wa kutoa mashauri ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kikundi chetu kilikuwa cha wapishi. Tulikuwa wamama sita wa mtaa wa Katoyi, tunapikia watu harusi, matanga na komunyo ya kwanza ya watoto. Jiko letu lilikuwa uani kwa Prezidanti, mbabula, majiko yetu ya makaa, zimepangwa juu ya yale mawe meusi ya volkano, moshi unapanda moja kwa moja kwenye nguo za majirani. Siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kununua sufuria, tuliketi tukachagua komite.

Prezidanti alikuwa mama mkubwa wa mwili na wa sauti, mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo. Makamu wake alikuwa jirani yake, mwenye kipaji kimoja tu, cha kusema “njo vile”, yaani “ndivyo hivyo”, kabla Prezidanti hajamaliza sentensi. Kesiye alikuwa mama Mwislamu wa ukoo wa Maniema, na wali wake ungekufanya usahau njia ya nyumbani. Lakini alifunga kila kitu kwa kufuli: pesa, sukari, mafuta, hata chumvi. Tulikuwa na sekretere mwenye kalamu nzuri sana. Tulikuwa na mama wa protokoli, wa kupokea wageni, anayekuja kazini na viatu vya kisigino na hasogelei moshi. Na mimi, konseyeri. Hesabu mwenyewe: tulikuwa sita, na vyeo sita. Memba wa kawaida hakubaki hata mmoja.

Kosa hilo hatukuliona mpaka tulipohitaji maji. Nani achote? Prezidanti wa watu hawezi kubeba bido, dumu la maji, kichwani. Makamu akasema njo vile. Mama wa protokoli akatazama viatu vyake. Prezidanti akaitisha mkutano juu ya maji, mkutano ukala asubuhi yote, na mwishowe tukaenda wote sita na bido zetu, kila mmoja amenuna kivyake. Nilicheka peke yangu njia nzima, na hilo likawakasirisha zaidi.

Huyu Prezidanti alikuwa na tabia yake moja. Akifika kwenye nyumba ya mtu hapigi hodi kama binadamu wengine. Anagonga mlango kwa ngumi, na mwenye nyumba akiuliza “Nani?”, anajibu kwa ile sauti yake: “Ni Prezidanti!” Alifanya hivyo hata kwake mwenyewe. Mume wake, mzee mpole, alikuwa amezoea. Anafungua na kusema, “Karibu, Muheshimiwa,” kisha anarudi kwenye redio yake.

Halafu vita vikasogea. Barabara ya kaskazini ikafungwa pale Rumangabo, na mume wangu, dereva wa lori, akabaki upande wa pili, Butembo, na mzigo wake wa maharage. Kila jioni ananipigia simu: “Muko salama?” Namjibu: “Tuko. Na maharage?” Ndivyo tulivyokuwa tunaambiana mapenzi siku hizo. Watu waliokimbia vijiji vyao, tuliowaita badeplase, wakajaza madarasa ya shule ya parokia yetu, magodoro huku, mbuzi kule. Lakini kazi yetu haikufa. Watu wa Goma wanaoana hata mizinga ikilia milimani, na mimi nadhani ikilia ndipo wanaharakisha.

Asubuhi moja mama mmoja alisimama kwenye geti, mwembamba, kikwembe chake cha kitenge kimefungwa vizuri, miguu ina vumbi. Alitoka upande wa Masisi, yuko na mama yake mzee, wanalala darasani pale parokia. Aliuliza kama tunahitaji mtu wa kutwanga sombe, yale majani ya muhogo ambayo bila hayo hakuna karamu kwetu. Tukatazamana. Prezidanti akashika kifua.

“Memba!” akasema. “Bamama, tumepata memba!”

Maskini yule mama. Alikuwa ameingia kwenye kikundi chenye wakubwa sita na mdogo mmoja, na mdogo ni yeye. Prezidanti anamwambia menya viazi, makamu anasema njo vile, kesiye anasema usimenye vyote, mimi nashauri achemshe na maganda, sekretere anauliza kwani viazi viliamuliwa na nani. Siku moja nilimkuta amesimama katikati ya uwanja, kiazi mkono huu, kisu mkono ule, ametulia tu anangoja sisi tumalize kumtuma. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Yeye hakucheka. Alikuwa anaogopa kazi ile isimponyoke.

Siku nyingine, tukipumzika, tulimuuliza anakumbuka nini zaidi huko kwao. Tulidhani atasema ng’ombe, maana watu wa Masisi na ng’ombe unawajua. Akasema, “Mulango.”

“Mulango gani?”

“Wa kufunga.” Akatueleza polepole, kama mtu anayeona haya. Darasani ni jamaa nyingi, zimetengwa na vikwembe vilivyotundikwa kwenye kamba. Mama yake, mzee wa heshima zake, anabadili nguo nyuma ya kitambaa ambacho mtoto yeyote anakipita akikimbiza mpira. “Nataka mulango, nifunge, nikae ndani na mama yangu. Mutu akitaka kuingia, aniombe kwanza.”

Niliona uchungu, nakwambia. Mimi mwenye milango yangu miwili, na ule wa nyuma nimekuwa nikiulaani kila siku kwa sababu unalia.

Kisha habari ikaja kwamba shule inafunguliwa na badeplase watahamishiwa kambini, nje ya mji, chini ya mashitingi ya plastiki, juu ya mawe. Nyuma ya uwanja wetu kulikuwa na chumba kidogo cha mbao, na mlango wake, na komeo lake. Mwenye nacho, muzee mmoja mgumu, alikubali kumshikia yule mama mpaka Jumapili, lakini kwa sharti moja: awe na kazi ya kila siku. Vibarua vya harusi hakutaka kuvisikia. Na bahati ikatokea kwamba biro moja, yaani ofisi, ya Himbi, kule karibu na ziwa, ilikuwa inatafuta watu wa kuwapikia wafanyakazi wake chakula cha mchana. Walituambia tulete chakula siku ya Ijumaa, wakionje. Kikiwapendeza, kazi ni yetu, kila siku, na sehemu ya saba ya malipo ni ya memba wetu. Kisipowapendeza, yeye na mama yake wanapanda lori la kambini.

Kwa hiyo Alhamisi jioni Prezidanti alisimama akahutubia. “Kesho sitaki kusikia mutu anasema si kazi yangu. Utamu wa chakula ni kazi ya kila mutu! Kila mutu ni responsabo!” Tukapiga makofi. Tulipiga makofi, Mungu wangu! Tena kwa heshima ya siku hiyo akamwamuru kesiye afungue kufuli la chumvi, na pakiti nzima ikawekwa pale wazi karibu na mbabula kubwa.

Ijumaa tuliamkia kazini. Sombe ikiwa changa jikoni haina ladha yoyote, hata chumvi huisikii, inakuwa kama unatafuna majani ya uzio. Prezidanti alipita, akaonja, akaona haina chumvi, akaweka. Makamu akapita, akaonja, akaweka. Sekretere aliweka. Kesiye alitoka kwenye wali wake, akaweka kidogo kwa uchungu. Mimi sikuweka kidogo. Mimi kitu kidogo sikijui. Hata mama wa protokoli, ambaye tangu azaliwe hajawahi kufunua sufuria, alikuja na visigino vyake, akakunja uso kwa moshi, akatupia konzi moja ya chumvi, kwa sababu ameambiwa naye ni responsabo, mwenye kuwajibika.

Memba wetu alikuwa ameenda kuchota maji. Aliporudi, Prezidanti akampa mwiko: “Onja, mama, uone vile batu banapika.” Akaonja. Akameza. Akaenda kwenye bido akanywa maji, akanywa tena.

“Nini?”

“Mama Prezidanti, onja na wewe.”

Prezidanti akaonja, macho yakajifunga yenyewe. Akauliza kwa sauti ya chini ambayo hatukuwahi kuisikia kwake: “Ni nani ameweka chumvi humu?”

“Mie!” nikajibu kwa fahari. “Na mie,” akasema sekretere. “Na mie.” “Na mie pia.” Tulikuwa tunajisifu, unaona. Ilipofika kwa mama wa protokoli ndipo tulipoanza kuelewa, na fahari ikatutoka usoni.

Basi pakawaka. Nilimwambia Prezidanti kwamba sombe yote hiyo ni hotuba yake. Kesiye alikuwa anapiga kelele, “Ju ya nini munazania ninafunga chumvi na kufuli? Ju ya nini?” Makamu alijaribu kusema njo vile lakini hakujua amwambie nani. Mama wa protokoli alianza kulia, wanja ukashuka mpaka shingoni. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, na sina hakika nilitaka kuufanyia nini.

Katikati ya zogo hilo yule mama alilaza bido chini, akaketi juu yake, akaweka mikono mapajani. Akasema taratibu, si kwa mtu yeyote, “Basi. Mulango umeenda.”

Nikaushusha mwiko. Mizinga ilisikika kwa mbali, upande wa milima, hakuna aliyegeuza kichwa. Niliona aibu, na hasira yangu ikakosa mahali pa kukaa.

Prezidanti alifungua kikwembe chake cha juu, kile cha komite tulichoshona sare, akakitupa kwenye kamba. “Sikieni,” akasema. “Leo kuna ulimi mumoja. Mumoja tu njo unaonja, njo unaweka chumvi. Mwingine akigusa hiyo pakiti, nitamupiga na mwiko.”

Ulimi wa nani sasa? Makamu akataja wa Prezidanti. Nikasema hapana, kamwe, huo ndio uliotufikisha hapa. Kesiye akataja wake. Nikataja wangu, na wote wakacheka, hata yule aliyekuwa analia, jambo ambalo sijawasamehe mpaka leo. Prezidanti akatutazama mmoja mmoja, kisha akamwelekezea kidole yule mama juu ya bido. “Huyu. Hana cheo. Hakuna mutu atamuonea wivu.” Usidhani tulimwona kuwa mpishi kutushinda. Ilikuwa siasa tupu, lakini siasa nzuri.

“Mie?” akashtuka. “Na nikikosea?”

“Ukikosea, tumekosea. Simama.”

Dawa ya sombe yenye chumvi ni sombe nyingine isiyo na chumvi, na wakati ulikuwa unakimbia. Kesiye akafungua sanduku bila kuuliza hata swali moja, mara ya kwanza tangu tumjue. Nikatumwa sokoni mimi. Prezidanti alisema, “Wewe enda. Wewe unajua kugombana.” Sikujua kama ni tusi au ni sifa, nikakimbia. Siku zile mboga zilikuwa za shida kwa sababu barabara zimefungwa, na nilikuta wamama wawili wameshika gunia la mwisho la majani ya muhogo, kila mmoja anavuta upande wake. Nililipata mimi. Usiniulize vipi. Nilirudi kilemba kimekaa sikioni.

Mashine ya mtaani ya kusaga haikuwa na umeme, kwa hiyo ilibaki kutwanga kwa kinu. Kinu kimoja, michi mitatu, watu watatu wanapokezana pigo bila kugongana. Mama zetu walifanya hivyo kila jioni, lakini sisi tangu tupate vyeo hatukushika mchi. Nilisimama na Prezidanti na yule mama. Prezidanti alitaka kwenda mbio, mchi wake ukagonga wangu, wangu ukakaribia vidole vyake, tukaanza kutupiana maneno tena. Ndipo yule mama akaanza kuhesabu kwa Kihunde, lugha ya kwao, kwa sauti ya kuimba kidogo. Hatukuelewa hesabu zake, lakini mikono ilielewa. Tu, tu, tu. Prezidanti akajipunguza, mimi nikajiongeza, na majani yakaanza kulainika. Mama wa protokoli alivua viatu, akapiga magoti mbele ya mbabula, akapepea makaa mpaka nywele zikawa na majivu. Sekretere na makamu walimwaga nusu ya sombe ya kwanza kwenye sufuria nyingine. Nilikuwa natoka jasho kama punda wa mlimani, na nilikuwa na furaha. Nasema kweli, nilikuwa na furaha kubwa.

Tulipochanganya, tukamzunguka yule mama tukamtazama mdomo. Akaonja. “Bado.” Tukaongeza moto. Akaonja. “Bado.” Prezidanti aliinua mkono kuelekea ile sufuria, kesiye akamkoholea, mkono ukashuka. Akaonja tena, akatulia, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu: “Njo iyi.”

Sufuria zilifungwa kwa kamba juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, na mwenye chukudu akashuka nazo kuelekea Himbi, sisi saba nyuma yake tunaomba Mungu kila akiruka jiwe. Kule biro mkubwa wao alikuwa bwana mwembamba wa miwani, mtu wa kula kimya. Alikula wali. Alikula samaki. Akajiongezea sombe. Sisi tumepangwa ukutani kama watoto wa komunyo. Kisha akafuta mdomo, akauliza: “Bamama, nani njo anaongoza hapa?”

Mama wa protokoli, majivu yote kichwani, akapiga hatua mbele kumtangaza Prezidanti na hotuba yake, maana hotuba ilikuwepo, nilikuwa nimeisikia asubuhi. Prezidanti akamshika mkono, akamrudisha nyuma.

“Kwa chumvi, ni huyu,” akasema, akimwonyesha yule mama. “Kwa wali na kwa pesa, ni huyu. Kwa soko ni huyu mwenye kilemba, na mumuogope. Mie ninaangalia tu wasiuane.”

Yule bwana alicheka mpaka akavua miwani. “Hata biro yangu iko vile vile,” akasema. “Mutaanza Jumatatu.”

Miaka ya baadaye nimekaa kwenye semina nyingi za uongozi, maana Goma semina hazikosi. Vijana wenye tai wanabandika makaratasi ukutani, wanaeleza aina za viongozi na tabia za watu kazini. Mambo mazuri, nami huitikia kwa kichwa na kula biskuti zao. Lakini kila wakifika kwenye ile sehemu ya kusema kila mtu awajibike kwa kila kitu, nainua mkono na kuuliza: na chumvi, nayo anaweka nani? Wananiona mama msumbufu. Ndivyo nilivyo.

Sombe iliyobaki ilikuwa nyingi ajabu, tuliipeleka yote madarasani kule parokia, na watu walikula mpaka wakalamba vidole. Mama mzee wa memba wetu alionja, akafikiri, akatuambia kwa upole kwamba ni nzuri, ila imepungukiwa chumvi. Ilibidi tumtoe Prezidanti nje akapate hewa.

Jumapili baada ya misa tulimsindikiza yule mama kwenye chumba chake. Hakuwa na mzigo mwingi: godoro, sufuria, picha ya Bikira Maria, na mama yake anayeegemea fimbo. Tulibeba sisi, bila mkutano wowote. Muzee akampa ufunguo. Chumba kilikuwa kidogo hivi kwamba tulipoingia wote ilibidi tusimame upandeupande. Tukaweka godoro, tukatundika picha, tukamkalisha mzee, na kila mmoja akaanza kutoa mawazo kuhusu mahali pa kuweka sufuria.

“Bamama,” akasema yule mama. “Samahani. Mutoke kwanza.”

Tukatazamana. Hakuwahi kututuma popote. Tukatoka, mmoja mmoja, Prezidanti mwisho. Mlango ukafungwa nyuma yetu. Tukasikia komeo linaingia. Tukasimama pale nje juani, komite nzima, na nguo zetu za Jumapili. Halafu tukasikia wanacheka, yeye na mama yake, polepole, kisha kwa nguvu, kisha sikujua tena kama ni kicheko au ni kilio. Kesiye alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mimi nilitazama kwingine, kwa sababu na mimi nilikuwa nalia na sipendi watu waone.

Tulingoja. Hakuna aliyemharakisha. Mwishowe Prezidanti akasogea mlangoni, akainua ngumi yake, akaifungua, akagonga kwa kidole kimoja.

“Hodi,” akasema.

“Nani?” ikauliza sauti ya ndani.

Prezidanti akageuka, akatutazama tulivyosimama pale, kisha akaurudia mlango.

“Ni siye,” akasema.